Dawa za chunusi za kuwashwa kwa taa: wagonjwa wengi, faida haionekani

Katika masoko ya hisa ya ng'ambo zipo bidhaa ambazo hurudi kila baada ya miaka michache zikiwa na jina jipya na ahadi ile ile. Mojawapo ni dawa ya chunusi ya kupaka ambayo haifanyi kazi mpaka imulikwe kwa taa maalumu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni ya Marekani na Norway yamekusanya mamilioni ya dola kutoka kwa wanahisa kwa ahadi hiyo. Baadhi yamefilisika, mengine yameuzwa, na yaliyosalimika yalisalimika kwa kuachana na chunusi na kushika biashara nyingine.

Jambo hili linamhusu msomaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha kwa njia mbili. Kwanza, wapo ndugu walioko Marekani na Uingereza wanaonunua hisa za makampuni ya aina hii, mara nyingi kwa fedha za ukoo mzima. Pili, vifaa vya taa za usoni na jeli zake vinaagizwa kutoka nje na kuuzwa madukani na mitandaoni kama dawa ya chunusi. Mwenye hisa na mwenye duka wanasikia maneno yale yale ya mauzo, na wote wawili wanapaswa kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: je, dawa inaongeza nini juu ya kile ambacho taa peke yake ingefanya?

Bidhaa yenyewe

Kwa asiye daktari, kazi ya dawa hii si ngumu kuielewa. Mgonjwa hupakwa asidi ya aminolevuliniki, ambayo kwa kifupi huitwa ALA. Ngozi, hasa tezi za mafuta, huigeuza asidi hiyo kuwa kemikali iitwayo porfirini. Daktari anapomulika taa ya bluu au nyekundu, porfirini hupokea nguvu ya mwanga na kuzalisha oksijeni kali inayounguza tezi na vijidudu vilivyomo. Tezi ikidhoofika, mafuta hupungua na chunusi hupungua.

Kuna ukweli wa kisayansi hapa na si ramli. Mwaka 2000 watafiti wa hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walichapisha matokeo ya majaribio kwa watu 22 wenye chunusi mgongoni, wakaonyesha kwamba ALA pamoja na mwanga mwekundu hupunguza chunusi na kudhoofisha tezi za mafuta. Karatasi hiyo ndiyo iliyowapa moyo madaktari na wenye mitaji.

Lakini karatasi hiyo hiyo ilionyesha gharama yake: maumivu wakati wa kumulikwa, uvimbe, ngozi kubabuka, na kwa baadhi ya watu ngozi kubadilika rangi kwa muda. Isitoshe, dawa ya ALA inayouzwa Marekani humtaka mgonjwa ajiepushe na jua na taa kali kwa saa 40 baada ya kupakwa. Mfanyabiashara anayeijua Dar es Salaam ya mwezi Februari ataona mara moja ugumu wa kumuuzia dawa hiyo kijana anayepanda daladala saa sita mchana.

Hesabu ya DUSA

Kampuni iliyojulikana zaidi katika biashara hii ni DUSA Pharmaceuticals, iliyoandikishwa katika soko la NASDAQ. Ilichukua haki za uvumbuzi uliotokana na Chuo Kikuu cha Queen's cha Kingston, Kanada, ikatengeneza dawa iitwayo Levulan na taa ya bluu iitwayo BLU-U. Desemba 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo pamoja na taa yake, lakini si kwa chunusi. Iliidhinishwa kwa magamba yanayoletwa na jua kwenye uso na kichwa cha wazee weupe, magamba ambayo yakiachwa yanaweza kugeuka saratani.

Soko la magamba hayo lilikuwa na faida moja kubwa: wagonjwa wengi ni wazee, na bima ya serikali ya Marekani kwa wazee hulipia matibabu. Soko la chunusi lilionekana kubwa zaidi kwa sababu inakadiriwa kwamba Wamarekani hadi milioni 50 husumbuliwa nazo kila mwaka. Tarakimu hiyo ya milioni 50 imesomwa katika vikao vingi vya wanahisa. Mara chache ilifuatana na tarakimu ya wangapi kati yao wangelipa mamia ya dola kutoka mfukoni, wakati bima nyingi huliona jambo hilo kuwa la urembo.

DUSA ilijaribu kuthibitisha. Madaktari walikuwa tayari wakiitumia Levulan kwa chunusi kwa hiari yao, nje ya matumizi yaliyoidhinishwa. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza matokeo ya majaribio yake ya awamu ya pili kwa chunusi. Wagonjwa waliopakwa Levulan na kumulikwa taa ya bluu walipata nafuu. Tatizo ni kwamba waliopakwa mafuta matupu yasiyo na dawa na kumulikwa taa ile ile nao walipata nafuu, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutosha kuitwa tofauti kwa vipimo vya takwimu.

Kwa mwanahisa matokeo hayo yalikuwa na maana moja. Dawa ndiyo bidhaa inayotumika mara moja na kununuliwa tena, na ndiyo yenye faida ya kila siku. Taa hununuliwa mara moja na daktari, ikakaa miaka. Kama taa inafanya kazi karibu sawa bila dawa, basi kampuni haina cha kuuza kesho.

Mwishoni mwa mwaka 2008 hisa ya DUSA iliuzwa kwa karibu dola 1. Haki itendeke: mwaka huo masoko yote ya dunia yaliporomoka, na si DUSA peke yake. Hata hivyo, jambo la kujifunza ni kilichofuata. Kampuni iliweka chunusi kando, ikarudi kwenye magamba ya wazee, ikaongeza mauzo kwa wateja wake wa zamani. Novemba 2012 kampuni ya Sun Pharma ya India ilikubali kuinunua kwa dola 8 kwa hisa, jumla ya takriban dola milioni 230. Aliyenunua kwa dola 1 na kuvumilia alipata mara nane, na hakuna senti katika hizo iliyotokana na idhini ya Levulan kwa chunusi.

Ugumu wa kulinda bei

Kuna jambo la pili katika daftari la DUSA ambalo wafanyabiashara watalitambua haraka. ALA ni kemikali sahili ambayo hata mwili wa binadamu huitengeneza. Kampuni ilikuwa na haki za matumizi na za kifaa chake, lakini kemikali yenyewe inaweza kuchanganywa na mfamasia yeyote mwenye ujuzi. Ndivyo ilivyotokea. Maduka ya dawa yanayochanganya dawa kwa maagizo yalianza kuuza ALA yao kwa bei ya chini, na DUSA ililazimika kwenda mahakamani. Desemba 2006 FDA iliandikia moja ya maduka hayo, New England Compounding Center, barua ya onyo ambayo pamoja na mambo mengine ilitaja ALA hiyo ya kunakili.

Kampuni inayolazimika kutumia fedha za wanahisa kuwafukuza wanaoiga bidhaa yake huwa na faida nyembamba kuliko inavyoonekana katika makadirio. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeleta kitenge cha mchoro mpya na kukuta mwenzake ameshausambaza mchoro huo wiki ya pili hahitaji kuelezwa zaidi.

Norway walifaulu majaribio, mnunuzi hakuonekana

Wapo watakaosema kwamba DUSA ilikuwa na bahati mbaya tu, au kwamba taa yake ya bluu haikuwa sahihi. Mfano wa Photocure, kampuni ya Norway iliyoandikishwa katika soko la hisa la Oslo tangu mwaka 2000, unajibu hoja hiyo.

Photocure ilitumia dawa ya ukoo ule ule wa ALA pamoja na mwanga mwekundu. Kwa chunusi kali za uso ilitengeneza bidhaa iitwayo Visonac, na majaribio yake Marekani yalihusisha wagonjwa 153. Matokeo yalikuwa mazuri: chunusi zenye uvimbe zilipungua kwa asilimia 43.8 kwa waliopata dawa na taa, dhidi ya asilimia 26.6 kwa waliopata mafuta matupu na taa.

Mwekezaji aziangalie tarakimu hizo mbili kwa pamoja. Ya kwanza ndiyo huwekwa kwenye tangazo. Ya pili ndiyo humwambia kwamba zaidi ya nusu ya nafuu yote ilipatikana bila dawa. Kilichobaki kuwa mali ya kampuni ni tofauti, yaani pointi 17 hivi za asilimia. Kwa bei ya matibabu ya kliniki, na maumivu yake, na siku za kukaa ndani, je, pointi 17 zinatosha kumfanya mgonjwa aache krimu ya bei nafuu?

Photocure ilitafuta mshirika mkubwa wa kubeba gharama za majaribio ya mwisho na uuzaji wa Visonac, lakini bidhaa hiyo haikufika sokoni. Kampuni yenyewe haikufa. Mwaka 2009 ilikuwa imeshauza dawa yake ya ngozi, Metvix, kwa kampuni ya Galderma, na nguvu zake zikaelekezwa kwenye bidhaa inayowasaidia madaktari kuona saratani ya kibofu kwa mwanga wa bluu, ambayo FDA iliiidhinisha mwaka 2010. Huko hospitali hulipa, daktari huona kwa macho yake kazi ya dawa, na taa peke yake haitoshi. Ni elimu ile ile ya mwanga katika soko tofauti, na matokeo ya fedha yakawa tofauti.

Chembe za fedha na chembe za dhahabu

Baada ya ALA lilikuja wimbi la pili. Wavumbuzi walisema: badala ya kemikali inayougeuza mwanga kuwa sumu, tupake chembe ndogo mno za madini zinazougeuza mwanga kuwa joto. Chembe zisukumwe ndani ya vinyweleo, leza imulikwe, joto liunguze tezi ya mafuta. Hakuna saa 40 za kujificha jua. Wazo hilo lilikuwa zuri na liliwavutia wenye mitaji.

Sienna Biopharmaceuticals ya California ilitumia chembe za fedha, yaani madini ya fedha. Julai 2017 iliuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza kwa dola 15 kila moja, ikakusanya karibu dola milioni 65. Mwaka 2018 ikatangaza kwamba majaribio yake mawili ya kwanza ya chunusi hayakufikia lengo kuu. Kampuni ilikuwa na dawa nyingine za ngozi mkononi, lakini fedha za kuziendeleza hazikutosha. Septemba 2019 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake chini ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Kutoka kuuza hisa kwa umma hadi kufilisika ilikuwa miaka miwili na miezi miwili.

Sebacia, kampuni binafsi ya jimbo la Georgia, ilitumia chembe za silika zilizofunikwa kwa dhahabu. Hii ilifika mbali zaidi: mwaka 2018 FDA iliipa kibali cha kuuza chembe hizo kwa matumizi pamoja na leza kwa chunusi za wastani. Lakini kibali hakikuleta wateja wa kutosha, na baadaye teknolojia hiyo ikahamia kwa kampuni nyingine, Coronado Aesthetics. Wahenga walishaonya kwamba vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Safari hii dhahabu ilikuwa ya kweli, na bado haikutosha.

Swali la mafuta matupu

Mwaka 2016 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima ushahidi wa tiba mbalimbali, lilitoa mapitio ya tiba za mwanga kwa chunusi. Lilichambua majaribio 71 yenye washiriki 4,211. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ushahidi wa hali ya juu ulikuwa haba na hauruhusu kutoa uamuzi wa uhakika kwa tiba nyingi kati ya hizo. Kuhusu ndugu wa ALA anayemulikwa kwa mwanga mwekundu, majumuisho ya majaribio matatu hayakuonyesha tofauti na mafuta matupu yaliyomulikwa kwa mwanga huo huo katika kupunguza chunusi zenye uvimbe.

Mwekezaji mdogo hana haja ya kusoma majaribio 71. Anachohitaji ni kujua mahali pa kuangalia. Kampuni inapotangaza matokeo, asisome sentensi ya kwanza isemayo wagonjwa walipata nafuu kwa asilimia kadhaa. Atafute kundi la kulinganisha. Kama kundi hilo halikupata chochote kabisa, si dawa wala taa, basi tofauti inayotangazwa ni ya taa na dawa kwa pamoja, na inawezekana sehemu kubwa ni ya taa. Kama lilipata mafuta matupu na taa ile ile, basi tofauti ni ya dawa, na hiyo ndiyo kampuni inayoweza kuiuza tena na tena. Kama hakukuwa na kundi la kulinganisha, hiyo si taarifa ya matokeo. Ni tangazo la biashara.

Chunusi zina tabia nyingine inayowadanganya wengi: hupungua zenyewe kwa muda. Mgonjwa huja kliniki zikiwa zimemzidi, na wiki kadhaa baadaye hali huwa nafuu hata kama hakupewa kitu. Ndiyo maana picha mbili za kabla na baada, zinazopendwa sana na wauzaji, hazina uzito katika hesabu ya mtaji.

Vipi taa bila dawa?

Kama taa ndiyo inayofanya kazi, baadhi ya makampuni yaliamua kuuza taa tu. Johnson & Johnson, kupitia alama yake ya Neutrogena, iliuza barakoa ya taa ya kutumia nyumbani kwa bei ya makumi ya dola. Ilikuwa na akili ya kibiashara: kiwashio chake kilihesabu vipindi 30 kisha kikazimika, na mteja akalazimika kununua kingine. Julai 2019 kampuni iliiondoa sokoni, ikieleza kuwepo kwa uwezekano wa madhara ya macho kwa watu wachache wenye magonjwa fulani ya macho, wakiwemo wenye ualbino wa macho, na kwa wanaotumia dawa zinazoongeza hisia za mwanga. Kwa nchi kama Tanzania, yenye watu wengi wenye ualbino, onyo hilo si la kupuuzwa.

Upande wa kliniki, kampuni ya Cutera ilipata kibali cha FDA Machi 2022 kwa leza iitwayo AviClear, yenye mwanga wa nanomita 1,726 unaopokelewa na mafuta ya tezi moja kwa moja bila dawa yoyote ya kupaka. Kitaalamu ilikuwa hatua kubwa. Kibiashara, kampuni ilianza kwa kuwakodishia madaktari mashine na kutoza ada kwa kila tiba, maana yake mtaji mkubwa ulitangulia na mapato yakafuata polepole, huku madeni yakisubiri. Machi 2025 Cutera nayo iliingia mahakamani kwa utaratibu wa ufilisi. Kwa hiyo hata tatizo la mafuta matupu likiondolewa, linabaki tatizo la nani atalipa, na atalipa lini.

Mfano mwingine ni Biofrontera Inc., inayouza Marekani dawa ya ALA iitwayo Ameluz kwa magamba yale yale ya jua na ambayo imekuwa ikiijaribu pia kwa chunusi. Iliingia NASDAQ Oktoba 2021 kwa dola 5. Julai 2023 ilikusanya kila hisa 20 kuwa 1. Aliyekuwa na hisa 2,000 akabaki na 100. Kukusanya hisa peke yake hakupunguzi mali ya mtu, lakini makampuni hufanya hivyo bei inaposhuka chini ya dola 1 inayotakiwa na NASDAQ, na hiyo ni dalili ambayo mwenye hisa hapaswi kuipita bila kuuliza.

Mpinzani wa bei nafuu

Katika hesabu hizi zote kuna mshindani ambaye hatajwi sana kwenye makabrasha ya wanahisa. Ni krimu ya benzoili peroksidi, ni tretinoini, ni vidonge vya doksisaiklini. Dawa hizi ni za zamani, haki zake za uvumbuzi zimekwisha, zinatengenezwa na viwanda vingi vikiwemo vya India, na bei yake imeshuka miaka mingi. Kwa chunusi kali kuna isotretinoini, ambayo huwaponya wengi ingawa inahitaji uangalizi mkali wa daktari, hasa kwa wanawake wanaoweza kupata mimba, kwa sababu huleta ulemavu kwa mtoto aliye tumboni.

Dawa mpya ya mwanga haishindani na chunusi. Inashindana na krimu hizo. Ndiyo maana idadi ya wagonjwa haisemi chochote kuhusu mapato. Soko halisi ni wale tu ambao krimu imeshindikana, hawawezi au hawataki vidonge, wana fedha za kliniki, na wako tayari kwa maumivu na siku za kubabuka uso. Ukianza na watu milioni 50 na kupita katika vichujio hivyo vinne, unabaki na idadi ambayo kampuni nyingi hazikuitaja katika makabrasha yao.

Hoja ya wanaoitetea

Watetezi wa tiba hii wana hoja ya kusikilizwa. Vijidudu vya chunusi vinazidi kuzizoea antibaotiki, na madaktari wanashauriwa kupunguza matumizi yake ya muda mrefu. Isotretinoini ina masharti mazito. Mgonjwa mwenye chunusi zinazoacha makovu hana muda wa kusubiri, na kwake pointi 17 za asilimia zinaweza kuwa na thamani kubwa. Kliniki nyingi za Marekani, Ulaya na China zinatoa tiba hii kwa fedha taslimu, na wapo wanaoridhika.

Hayo ni kweli, na hayapingani na hesabu. Tiba inaweza kumfaa mgonjwa fulani chini ya daktari fulani, na papo hapo isimfae mwanahisa. Faida ya kliniki humwendea daktari anayetoza kwa kila kipindi. Mwanahisa wa kampuni ya dawa hulipwa tu kama dawa yake ni ya lazima katika kipindi hicho, na hadi mwisho wa mwaka 2024 FDA ilikuwa haijaidhinisha dawa yoyote ya ALA kwa chunusi. Miaka 24 baada ya karatasi ile ya Boston, huo ni muda mrefu wa kungojea gawio.

Kwa mfanyabiashara wa hapa

Kwa mwenye duka anayefikiria kuagiza barakoa za taa na jeli zake, mambo matatu yanastahili kupimwa kabla ya kufungua oda.

La kwanza ni sheria. Tangu mwaka 2019 dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, na vipodozi viko chini ya TBS. Taa inayouzwa kwa maneno kwamba inatibu chunusi inadai kutibu, na maneno yaliyoandikwa kwenye boksi ndiyo yanayoweza kuupeleka mzigo upande mmoja au mwingine. Kuuliza kabla ya kulipa ni rahisi kuliko kuuliza mzigo ukiwa bandarini.

La pili ni ngozi ya mteja. Majaribio mengi ya tiba hizi yalifanywa kwa ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi ikiunguzwa au kuvimba huacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi, na kwa wengi madoa hayo huudhi kuliko chunusi yenyewe. Mteja aliyepata madoa harudi dukani kununua tena, na mara nyingi hukimbilia krimu za kuchubua, ambazo madhara yake yanajulikana na nyingi zimepigwa marufuku. Muuzaji makini hatataka kuwa mlango wa kuingilia huko.

La tatu ni nani atakayeitumia bidhaa. Dawa ya ALA na leza ni kazi ya daktari bingwa wa ngozi. Kituo cha Moshi kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika kimefanya kazi nzuri tangu mwaka 1992, lakini mabingwa hao bado ni wachache kwa idadi ya watu. Bidhaa inayohitaji bingwa haiwezi kuuzwa kama sabuni.

Kwa ndugu walioko ng'ambo wanaonunua hisa, shauri ni fupi zaidi. Ijayo kampuni nyingine ikitangaza dawa ya chunusi ya kuwashwa kwa mwanga, watafute kwanza tarakimu ya kundi lililopakwa mafuta matupu chini ya taa ile ile. Kisha waulize kampuni ina bidhaa gani nyingine inayoingiza fedha sasa, kwa sababu DUSA na Photocure ziliokolewa na bidhaa nyingine, na Sienna ilikufa kabla haijazikamilisha. Mwisho wahesabu fedha zilizoko benki zitatosha kwa miezi mingapi ya majaribio. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa hisa za aina hii daftari lenyewe ni kurasa hizo tatu.

Tarakimu zikiwa nzuri katika kurasa zote tatu, kununua si dhambi. Mpaka hapo, bei ya hisa ikipanda kwa sababu ya idadi ya vijana wenye chunusi duniani, anayefaidika ni yule anayeuza siku hiyo.